Baiskeli ya resi ya alumini kwa kijana: ipi kwanza, ipi mwisho

Sare ya shule hununuliwa kubwa ili mtoto akue nayo. Kwa hesabu hiyo hiyo niliwahi kumnunulia mpwa wangu baiskeli ya resi yenye fremu ya sentimita 54, naye alikuwa hajafika hata futi tano. Kila akitaka kushika breki hujilaza kama mtu anayechungulia kisimani. Miezi miwili haikuisha akarudi kwenye mpira wa miguu. Ndiyo maana hapa nitaanza na saizi kabla ya jina la kiwanda.

Mpime kijana mguu kwa ndani, kutoka sakafuni hadi kwenye msamba, akiwa peku. Asimame juu ya baiskeli, bomba la juu lisimguse. Kisha akae kitini na kushika vishikio vya breki, viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo. Akinyoosha mikono kama fimbo, hiyo si yake, hata muuzaji akiapa kwamba kiti kitasogezwa mbele.

Nafasi ya kwanza naipa Specialized Allez au Cannondale CAAD Optimo ya mtumba, zile za miaka ya karibuni zenye breki za kubana rimu. Fremu ni alumini nzuri, uma wa mbele ni kaboni unaopunguza mtetemo wa lami mbovu, na saizi ndogo zipo. Nyingi zina giya za Shimano Claris, aina ya bei nafuu ya kiwanda cha Shimano, nane nyuma. Wapenda makuu huidharau Claris. Mimi naipenda kwa sababu cheni yake ni ya bei nafuu na haichakai upesi. Breki za rimu nazo, mpira ukiisha, fundi yeyote wa mtaani anao.

Ila mtumba una mtego wake. Chuma kikivunjika, fundi wa mageti anakichomelea na unaendelea na safari. Alumini ya fremu hupitishwa kwenye moto maalumu kiwandani ili ikaze. Ukiichomelea uchochoroni, ugumu ule unapotea pale pale palipopata joto. Kwa hiyo ifute baiskeli kwa kitambaa cheupe, ukague maungio yote kwa tochi: shingoni chini ya usukani, na pale pedali zinapozungukia. Mstari mwembamba kwenye rangi unaofuata ungio ni sababu ya kuaga kwa heshima. Halafu jaribu kupandisha nguzo ya kiti. Kwa baiskeli zilizokaa pwani, chumvi hugandisha nguzo ndani ya fremu, na kijana anayekua atahitaji kupandisha kiti kila baada ya miezi michache. Isipotoka mbele yako, usidanganywe kwamba itatoka nyumbani.

Ya pili ni Trek Domane AL 2 au Giant Contend, mpya. Hazina siri: unapata waranti, mkao usioinamisha mgongo sana, na nafasi ya tairi pana kiasi. Domane ya sasa ina breki za diski na inazidi kilo 10, kwa hiyo mlimani kijana mwepesi ataisikia. Ningeiweka ya kwanza kama bei isingekuwa bei.

Triban RC 120 ya Decathlon, maduka ya vifaa vya michezo, naiweka ya tatu. Giya ni za kiwanda cha microSHIFT, si laini kama Claris, lakini fremu ni imara na inatosha kwa msimu wa kwanza wa mashindano.

Kwa mtoto mdogo zaidi tazama Frog Road, yenye magurudumu madogo. Namba ya modeli ni sentimita za mguu wa ndani anazotakiwa awe nazo kwa uchache.

Ya mwisho kabisa ni ile inayong'aa dukani, swichi za giya zikiwa katikati ya usukani, na kibandiko cha "alumini" ubavuni. Nenda na sumaku mfukoni. Ikinasa kwenye fremu, umeuziwa chuma kwa bei ya alumini.

Utasikia pia kwamba kijana hawezi kushindana bila kupunguziwa giya kubwa. Kwa wa miaka 17 na 18, UCI, chama cha baiskeli duniani, kiliondoa kikomo hicho, cha kwenda mita 7.93 kwa mzunguko mmoja wa pedali, kuanzia 2023. Kwa walio chini ya hapo, iulize klabu kabla ya kulipia kaseti nyingine, yaani ile seti ya giya za nyuma.

Bakisha hela ya kofia ngumu na pampu. Agiza pia kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia kibadilisha giya cha nyuma. Modeli nyingi zina chake, na baiskeli ikianguka upande wa kulia ndicho hupinda kwanza.