Vifuniko vya masikio kwa mtoto anayeogopa michezo ya gizani: nyota nne, moja nimeizuia

Nimekuja kutoa maoni juu ya vifuniko vya masikio vya watoto, vile vyenye utepe wa plastiki unaopita utosini na vikombe viwili vya sponji, kama vya mafundi wa kukata vyuma ila vidogo. Nilivinunua kwa kazi moja tu: mpwa wangu wa miaka minne na nusu aweze kupanda michezo ya gizani kwenye bustani za burudani. Yaani ile mnayokaa kwenye kigari, milango inajisukuma yenyewe, mnaingia jengo lisilo na dirisha hata moja, na kila kona kuna sanamu inayoinuka, inayocheka au inayofumbua macho. Tumevivaa siku tatu, michezo 11 kama sijakosea kuhesabu. Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imeponzwa na vibutu vya nywele, nitafika huko.

Safari ya kwanza kabisa tulienda bila vifuniko na, niseme ukweli, bila akili. Nilifika mlangoni nikaona hakuna kile kibao cha kupimia urefu, nikajiambia basi huu ni wa watoto. Kumbe kibao kile kinapima kama mkanda au nondo ya kigari, ile inayobana mapajani, itamshika mtoto vizuri, basi. Haunted Mansion na Pirates of the Caribbean, michezo miwili ya gizani pale Disneyland, bustani ya Disney kule California, hazina sharti la urefu, hata mtoto wa kubebwa anaingia, na ndani kuna mizimu, mifupa ya watu, mizinga na giza totoro. Sisi tulikuwa kwenye bustani nyingine, siitaji kwa sababu kosa lilikuwa langu. Mlango wa kwanza ulipojifunga nyuma yetu, king'ora kikalia karibu kabisa na sikio lake. Hakulia. Alijipenyeza chini ya nondo, akazika uso kwapani kwangu, akakaa hivyo mpaka tulipoona jua.

Nje nikamuuliza, "Uliogopa giza, eh?"

Akatikisa kichwa. "Mjomba, kilipiga kelele."

Sikumsikiliza vizuri siku ile. Usiku dada yangu akapiga simu: mtoto hataki taa izimwe. "Kaka, umempeleka wapi mwanangu?" Wiki mbili nzima taa ya korido ililala ikiwaka, na kila asubuhi nilikuwa naletewa taarifa kwa ujumbe mfupi, utadhani niko kwenye kesi.

Lile jibu la mtoto ndilo lililonipeleka kununua vifuniko. Wakubwa tunadhani shida ni giza, kwa hiyo tunabeba tochi. Tafadhali usiwashe tochi mle ndani, wala simu; unawaharibia wengine, na mtoto anaishia kuona nyaya na vumbi. Kinachomrusha mtoto ni sauti ya ghafla kutoka mahali asipopaona. Boksi la vifuniko vyangu limeandikwa kwamba vinapunguza desibeli 22, desibeli ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Kila desibeli 10 zinapopungua, sikio letu husikia kama sauti imekatika nusu, kwa hiyo king'ora kinabaki kama robo ya kilivyokuwa, hata chini kidogo. Nilivijaribu mwenyewe kwanza, nikiwa nimevibana kichwani kama mtu mwenye kofia ya mwanawe, huku blenda ikiunguruma pembeni. Vinapunguza, havizimi. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa: mtoto bado anasikia muziki na kicheko cha sanamu, ila kama vinatoka nyumba ya pili.

Usimvalishe kwa mara ya kwanza mlangoni, nakuomba. Tulivivalia nyumbani siku tatu, akiwa anachora, akiwa anaangalia katuni, hadi vikawa vyake. Mchezo wenyewe tuliuangalia kwenye simu, maana michezo mingi ya aina hii imesharekodiwa na waliopanda. Mara ya kwanza bila sauti kabisa, ya pili na sauti ndogo, ya tatu yeye ndiye akawa ananisimulia: "Sasa hivi popo anashuka." Mtoto akishajua popo anashuka baada ya mlango mwekundu, popo huyo anakuwa wake.

Halafu tukatengeneza mzimu. Hili lilitusaidia kuliko kitu chochote nilichonunua, na halina gharama. Usiku, taa za sebuleni zikiwa zimezimwa, tulisimamisha mwanasesere wake mbele ya kioo cha dirisha, nikammulika kwa tochi ya simu, nikiikinga tochi ili mwanga wake usigonge kioo. Papo hapo mwanasesere wa pili akatokea nje gizani, anaelea hewani, miti inaonekana kupitia tumbo lake. Nikizima tochi, anayeyuka. Akataka kuzima na kuwasha mwenyewe, tukakaa hapo mpaka dada akaja kuuliza kama tumekwisha rukwa na akili. Ujanja huo ulianza kuonyeshwa kwenye majukwaa ya London mwaka 1862 na John Henry Pepper, ndiyo maana bado unabeba jina lake, Pepper's Ghost, yaani mzimu wa Pepper, na ndio huo huo unaochezesha mizimu ukumbini ndani ya Haunted Mansion: sanamu ziko mahali pengine kabisa, wewe unatazama kivuli chake kwenye kioo kikubwa. Sikumwambia mpwa wangu kwamba mizimu haipo. Nilimwonyesha swichi yake iko wapi.

Macho nayo yana hesabu yake. Ukitoka kwenye jua kali, macho yanahitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza sawasawa, na mchezo wenyewe mara nyingi umekwisha kabla ya hapo. Kwa hiyo mtoto anaingia akiwa kipofu kweli, halafu tunamwambia "mbona si giza sana?" Sasa tunakaa kivulini kabla ya kupanga foleni, na tukikaribia mlango tunafumba jicho moja kwa kiganja, kama maharamia. Likifumbuliwa ndani linaona mapema kuliko mwenzake. Anaupenda mchezo huo kuliko hata kigari.

Kasoro ya kwanza sasa. Vifuniko vikikaa sawasawa, hasikii sauti yangu, na sauti yangu ndiyo aliyokuwa ameishikilia mle gizani. Dakika ya kwanza ya mchezo wa kwanza nilikuwa nabwabwaja "usiogope, niko hapa" kumbe naongea na utepe wa plastiki. Tukabuni lugha ya mikono. Nikimbana mkono mara moja, niko hapa. Mara mbili, kitu kinakuja. Mara tatu, mlango wa kutokea uko karibu. Hiyo ya mara tatu ndiyo aliyokuwa akiisubiri kila mara, niliuona mgongo wake ukilegea kabla hata mwanga haujaonekana.

Ya pili ni utepe. Mpwa wangu husukwa vibutu viwili juu, na utepe unapita katikati yake ukivuta nywele upande mmoja. Tukaushusha kisogoni; vikombe vikaanza kuteleza kila kigari kilipokata kona, na mara mbili kimoja kimeachia sikio wakati mbaya kabisa. Suluhisho likawa kumwomba dada asuke mistari ya kulala siku moja kabla ya safari, jambo ambalo mtengenezaji angeweza kulimaliza kwa utepe laini wa kitambaa. Sponji zinatoa jasho pia, beba kitambaa cha kufutia.

Ya tatu: haviendi kila mahali. Kwenye mchezo wenye mporomoko, mhudumu alituambia tuvue chochote kinachoweza kuruka. Alikuwa sahihi. Kama mchezo unaporomoka, vifuniko havitakuokoa, na hapo mimi huwa naacha kabisa. Kwenye bustani za Disney kuna utaratibu unaoitwa Rider Switch: mkubwa mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanapokezana bila kurudi mwanzo wa foleni. Uliza mlangoni kabla hujampigia mtoto magoti.

Na wanaosema "watoto wa siku hizi wanadekezwa" wajue wenye michezo wenyewe wamehangaika na jambo hili miaka mingi. Disneyland ilipofunguliwa mwaka 1955 ilikuwa na mchezo wa Snow White, yule binti wa hadithi anayewindwa na mchawi, ambao ndani yake binti mwenyewe hakuonekana, kwa sababu mpandaji ndiye aliyetakiwa kujiona kuwa yeye, na mchawi anamtokea yeye. Mwaka 1983 ukatengenezwa upya, sanamu yake ikawekwa, na neno la kutisha likatiwa ndani ya jina lenyewe, Snow White's Scary Adventures. Mwaka 2021 ukafunguliwa tena ukiwa umelainishwa, kwa jina la Snow White's Enchanted Wish. Kama wao wanaruhusiwa kupunguza makali, nami naruhusiwa kuweka sponji.

Mtoto ambaye shida yake ni kutoona, si kelele, usimnunulie. Mwonyeshe video na ucheze naye na kioo. Mtoto asiyependa kuguswa kichwani, pia usihangaike. Vya kwetu bado vipo. Sponji ya kushoto imeanza kuchanika pale anapoitafuna kwenye foleni, nami nimegundua kwamba vikombe vya akiba haviuzwi peke yake, lazima ununue vifuniko vizima.