Nyaraka za utumishi za maofisa wa Jeshi la Majini la Marekani: miaka kumi ya kuzisoma

Nilipoanza kazi ya uofisa nikiwa O-1, daraja lake la chini kabisa, habari zote za utumishi nilizipata kwenye meza ya chakula. Nani anahamishwa, bodi ya vyeo inakaa lini, likizo imebadilishwa namna gani, yote yalipita kwa redio mbao. Na redio mbao ya melini ina nguvu kuliko ya Ngamiani nilikokulia, kwa sababu katikati ya bahari huna pengine pa kwenda kuuliza. Ilinichukua karibu mwaka kuelewa kwamba kila jambo tulilokuwa tukibishania juu ya sahani za wali lilikuwa limeshaandikwa, limepewa namba, na limewekwa hadharani. Huduma hiyo ndiyo ninayoipitia hapa: nyaraka zinazoitwa NAVADMIN, tovuti ya MyNavyHR zinapohifadhiwa, na kituo cha simu kinachokwenda nazo.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana nimewaandikia hasa vijana wa kwetu walio huku Marekani na wanaowaza njia hii. Ni mtoto wa Tanga. Marehemu baba alikuwa kuli bandarini. Nilifika kwa bahati nasibu ya green card mwaka 2011, mwaka uliofuata nikaingia Jeshi la Majini kama askari wa kawaida, nikapata uraia kupitia utumishi huo, kisha mwaka 2015 nikapita shule ya maofisa ya Newport, Rhode Island. Ofisa lazima awe raia wa Marekani, na sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Hilo kila Mtanzania alipime usiku mwingi kabla ya kutia saini. Mimi nililipima, na bado siku nyingine linaniuma.

Sasa huduma yenyewe. Ukiingia MyNavyHR unakwenda sehemu ya rejea, unafungua ujumbe, unachagua mwaka, na nyaraka zinajipanga kwa namba. Huhitaji kadi yenye chipu wala nywila. Mama yangu akiwa Tanga na simu yake anaweza kufungua waraka uleule anaousoma admirali Pentagon, na siku moja nilimfanyia hivyohivyo, nikamtumia kiungo. Alichoelewa ni jina la mwanawe tu, lakini alilikuta mwenyewe, palepale lilipoandikwa. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo orodha ya uhamisho hubandikwa ukutani kwa siku mbili kisha ikanyeshewa, uwazi huu ni jambo kubwa sana kwangu.

Kusoma kwenyewe kunataka mazoea. Waraka huanza na mstari wa namba na herufi, mfano R 041530Z. Hizo ni tarehe 4, saa 1530 kwa saa za Zulu, yaani saa za Greenwich. Tanga muda huo ni saa kumi na mbili na nusu jioni, karibu na magharibi, na mpaka leo nikiona Z nahesabu kwanza saa za nyumbani ndipo nije za Norfolk niliko kazini. Baada ya hapo vinafuata kichwa cha habari, orodha ya rejea, maelezo mafupi ya kila rejea, ndipo RMKS (remarks, yaani maelezo yenyewe), ambako waraka unasema ulichokujia. Anza na RMKS. Ukishajua waraka unataka nini, rudi juu kwenye rejea, kwa sababu mara nyingi sharti lenyewe limo kwenye sheria au mwongozo uliotajwa pale kwa mstari mmoja. Vifupisho ni vingi kupita kiasi. Mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, kama mimi baada ya Kidigo na Kiswahili, atahitaji daftari. Nilikuwa nalo, la mistari, nikiandika kifupisho kushoto na maana yake kulia, na lilijaa.

Kuna pia ALNAV, ambazo hutoka kwa Waziri wa Jeshi la Majini. Majina ya waliochaguliwa kupanda cheo hutangazwa humo. NAVADMIN hutoka makao makuu ya jeshi lenyewe, na ndizo zinazogusa maisha ya kila siku. Wageni wengi huzichanganya hizi mbili, wakangoja habari kwenye mlango ambao haiji.

Faida ya kwanza kubwa niliiona mwaka 2023, binti yetu alipozaliwa. Mwanzoni mwa mwaka huo Wizara ya Ulinzi ilikuwa imetangaza likizo ya uzazi ya wiki 12 kwa kila mzazi mwanajeshi, baba au mama, kwa watoto waliozaliwa au kuasiliwa kuanzia Desemba 27, 2022. Haikatwi kwenye zile siku 30 za likizo tunazopata kwa mwaka, na unaweza kuigawa ndani ya mwaka mmoja. Mwenzangu mmoja, naye anatarajia mtoto, aliniapia kwamba akina baba wana wiki mbili tu. Alikuwa anakumbuka utaratibu wa zamani. Nilichapa waraka, nikaupigia mstari kwa kalamu ya kijani, nikampa mmoja na mwingine nikaambatanisha na ombi langu. Mkuu wangu alisoma, akasaini. Nilikuwepo binti alipojigeuza kifudifudi kwa mara ya kwanza juu ya mkeka sebuleni, na sitasahau kwamba niliipata siku hiyo kwa kusoma.

Lakini mahali huduma hii inapobeba uzito wote ni kwenye kupanda cheo, na hapa nitakaa kidogo.

Kwa wasiojua: luteni wa majini, O-3, analingana na kapteni wa nchi kavu. Anayefuata ni luteni kamanda, O-4. Sheria ya mwaka 1980 inayoongoza vyeo vya maofisa iliweka mwongozo wa nafasi: asilimia 80 kuingia O-4, 70 kuingia O-5, 50 kuingia O-6. Ukiachwa mara mbili na bodi ya O-4, kwa kawaida safari yako ya kazi inaishia hapo, isipokuwa wakikubakiza kwa uamuzi maalumu. Waraka wa kuitisha bodi hutoka na tarehe za vikao na mipaka ya wanaohusika, na humo ndimo unapojua kama mwaka huu ni wako.

Bodi hukaa Millington, Tennessee. Wewe huingii. Kinachoingia ni rekodi yako, ikirushwa kwenye skrini kubwa ndani ya chumba wanachokiita tanki, mjumbe mmoja akiieleza, kisha kila mjumbe anabonyeza kwa siri kitufe kimoja kati ya vitano: 0, 25, 50, 75 au 100. Miaka kumi ya zamu za usiku, ya kuongoza meli kwenye ukungu, inageuka kurasa chache kwenye ukuta. Ndiyo maana FITREP, ripoti ya utendaji, ni roho ya ofisa. Sisi O-3 ripoti yetu ya kila mwaka hufungwa Januari 31. Ina alama kuanzia 1.0 hadi 5.0, ina mistari 18 tu ya maelezo, na ina pendekezo la kupandishwa ambalo ngazi yake ya juu, kwa O-3, haiwezi kupewa zaidi ya asilimia 20 ya kundi lako. Na ripoti zinatakiwa zifuatane siku kwa siku, bila mwanya.

Rekodi yangu ilikuwa na mwanya. Nilikuwa nimeondoka kwenye meli moja, ambayo sitaitaja, Mei 3, 2022. Ripoti ya kuondoka ilisainiwa mbele ya macho yangu, nikapewa mkono, nikaambiwa itatumwa. Waraka wa bodi ulipotoka, ukiwa na yale maelekezo yake ya kila mwaka kwamba ofisa akague rekodi yake mwenyewe, nikaingia kwa kadi yangu nikafungua muhtasari wa utendaji. Mstari mmoja uliishia Januari 31, 2022. Uliofuata ulianza Mei 4. Siku 92 hazipo. Nilizihesabu kwa vidole kwenye kalenda ya jikoni, Februari, Machi, Aprili, na siku tatu za Mei, kisha nikazihesabu tena. Zilikuwa siku tulizokuwa baharini, na ripoti ile ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote nilizowahi kupata.

Karani aliyekuwa akishughulika nayo alishahama. Nahodha naye alishahama. Kilichoniokoa ni nakala. Marehemu baba alikuwa na bahasha ya kaki iliyobeba kila karatasi aliyowahi kupewa bandarini, mpaka stakabadhi za buti, na mimi nimerithi bahasha ile pamoja na tabia yake. Nakala yangu iliyosainiwa ilikuwa humo. Nilipiga simu kwenye kituo cha MyNavy Career Center, kilichofunguliwa mwaka 2018 na kinachopokea simu saa 24. Mama mmoja mwenye sauti ya upole alipokea, akanipa namba ya shauri, akanieleza kitu ambacho waraka ulikuwa umekisema kwa mstari mmoja nilioupita: sheria inamruhusu ofisa kumwandikia rais wa bodi barua, na katika barua hiyo unaweza kuambatanisha ripoti isiyoonekana. Sharti ni kwamba ifike siku 10 kabla bodi haijakaa. Niliituma kwa mtandao zikiwa zimebaki siku 19. Uthibitisho wa kupokelewa nao nikauchapa, ukaingia kwenye bahasha.

Kwa hiyo tathmini yangu ni hii. Taarifa zenyewe ni nzuri, zimekamilika, na zinatoka mapema. Udhaifu ni kwamba hazikufuati. Hakuna anayekuja mlangoni kwako kusema waraka wa leo unakuhusu wewe, na mkuu mwenye shughuli nyingi anaweza kuusahau. Ofisa aliyezaliwa kwenye ukoo wa wanamaji anapigiwa simu na mjomba wake: angalia rekodi, andika barua. Sisi tusio na mjomba huko, mjomba wetu ni huo ukurasa. Ningetamani mno kila ofisa mpya aketishwe saa moja tu, aonyeshwe namna ya kuusoma.

Jambo jingine nalithamini. Mwaka 2020 Wizara ya Ulinzi iliagiza picha za maofisa ziondolewe kwenye yale yanayoonekana na bodi za vyeo. Hoja hiyo ina wanaoiunga mkono na wanaoipinga hata miongoni mwa maofisa weusi, na nimewasikiliza wote kwa heshima. Mimi binafsi nilipumua. Nataka kazi yangu ndiyo iingie tanki, uso wangu ubaki nje.

Mwaka jana ofisa mdogo wa Kichaga, O-1, alinifuata gatini Norfolk baada ya kazi.

"Shikamoo kaka. Eti ni kweli ukiomba kwenda kusoma shahada ya pili unapoteza zamu yako ya kupanda cheo?"

"Marahaba. Nani amekwambia?"

"Wanasema tu, kule melini."

Tulisimama pale upepo ukitupiga, nikafungua simu nikamwonyesha. Tangu sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2019, ofisa anaweza kuomba jina lake lisipelekwe kwenye bodi ya mwaka fulani kwa sababu ya masomo au kazi maalumu, na akikubaliwa hahesabiwi kuwa ameachwa. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Akasoma tena. Kisha akaniuliza RMKS ni nini, nikajua tumeanza vizuri. Daftari langu la vifupisho sasa liko kwake.

Kuhusu mimi: majina yalipotoka kwenye ALNAV nilikuwa nikimwosha mtoto, na mke wangu ndiye aliyeliona jina letu kabla yangu. Kuchaguliwa si kuvaa cheo. Unangoja nafasi kwa utaratibu wa ukubwa kazini, na wa mwezi unaofuata hutajwa kwenye NAVADMIN ya kila mwezi. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi, mtoto akishalala, nafungua mwaka, nashuka mpaka namba ya mwisho, naanza na RMKS.