Diski mpya 45,000 na breki bado inadunda: uzoefu wangu na gereji moja ya Moshi

Pikipiki iko salama sasa, naanza na hilo. Hasira ndiyo haijaisha.

Mimi ni mwalimu. Naishi Kiborloni, nafundisha Marangu, na kila jioni nashuka ule mteremko wa Marangu Mtoni hadi njiapanda ya Himo. Anayeujua anajua. Coaster iko nyuma yako inapiga honi, pembeni kuna mama kajitwika mkungu wa ndizi, na wewe tegemeo lako ni breki ya mbele. Yangu ikaanza kudunda. Nikibana, mkono wa breki unasukuma vidole, unaachia, unasukuma tena, kufuata mzunguko wa tairi. Mwendo ukipungua na mapigo yanapungua, halafu pikipiki inasimama kwa kushtukashtuka.

Nikaipeleka gereji moja mjini ambayo watu wanaisifia. Fundi mkuu, mtu mzima, hata tairi hakuinua. "Diski imepinda, nunua mpya." Diski, yaani ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi na kubanwa na pedi, shilingi 45,000, na hela ya ufundi juu yake. Nikalipa. Kesho yake mteremkoni inadunda vilevile. Nikarudi, akaniambia pedi bado hazijazoeana na diski, niendelee kuendesha. Ni kweli pedi zinahitaji muda kukaa sawa, kwa hiyo nikamwamini. Nikaendesha kama wiki mbili hivi, kila jioni roho juu.

Mara ya tatu nilikuta wateja kama sita wamekaa kwenye benchi. Nikamwambia taratibu, kwa heshima: "Fundi, bado inadunda." Hakuinua hata kichwa. Akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mama, ninyi mnabana breki kwa woga. Mwambie mzee wako aje, mimi na yeye tutaelewana."

Wakacheka. Benchi zima.

Mume wangu hajui hata kuiwasha hiyo pikipiki. Nimeinunua mimi, kwa mkopo ninaokatwa kwenye mshahara wangu, na leseni ninayo. Hivi angekuja mwanaume na tatizo hilihili, angeambiwa akamlete mke wake? Nilisimama pale na helmeti mkononi, koo limekaba, nikashindwa kusema neno. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko natetemeka.

Nilishaiwasha niondoke, kijana mmoja msaidizi akanifuata nje. "Shikamoo mama. Bosi akienda kula, naomba niitazame." Nikamwitikia marahaba, nikasubiri kwenye kivuli ng'ambo ya barabara.

Yule kijana alifanya kile ambacho kingefanyika siku ya kwanza. Aliinua tairi la mbele, akalitikisa huku na huku kupima beringi na gololi za usukani. Hakuna kilichocheza. Akafunga kipande cha waya kwenye shokapu, ncha yake karibu kabisa kugusa diski, akazungusha tairi polepole na kuniita nitazame. Nikaona kwa macho yangu: ile nafasi inafunguka, inafumba, inafunguka, inafumba. Diski mpya, ya wiki mbili!

Akaifungua. Pale inapokalia kwenye habu, yaani kitovu cha tairi, palikuwa na kutu na mabaki ya gundi ya bolti, yamegandamana kama ukoko wa sufuria. Akanieleza kwamba uchafu mdogo tu katikati unakuwa myumbo mkubwa ukingoni, na kwa pikipiki nyingi myumbo unaoruhusiwa hauzidi milimita 0.3. Ukiweka diski mpya juu ya uchafu uleule, hujatengeneza kitu. Na pini za kalipa, kile kibano kinachoshika pedi, zilikuwa zimekauka, kwa hiyo kalipa haikuweza kuteleza kuufuata ule myumbo, kila pigo likaishia kwenye vidole vyangu. Akakwangua kitako, akapiga msasa laini, akafuta diski kwa spiriti, akapaka pini grisi ya breki, kisha akakaza bolti kidogo kidogo, hii halafu ya upande wa pili. Akazungusha tena. Nafasi kwenye waya haikubadilika.

Nilitaka kumkumbatia. Hapo nikasema moyoni, basi, gereji nimeisamehe, yenye kijana kama huyu siwezi kuiandika vibaya.

Halafu akaenda kwenye lundo la vyuma chakavu, akarudi na diski yangu ya zamani, akailaza juu ya kioo. Ikalala tuli, haijapinda hata chembe. Akapima unene kwa venia, kile kipimo cha mafundi: unene bado uko juu ya kile kiwango cha chini kilichochorwa kwenye diski yenyewe. Yaani 45,000 yangu ilitoka kwa diski isiyo na kosa lolote, kisha nikachekwa juu yake.

Kwa hiyo mkiniuliza kama muende, sijui niwajibu nini. Kijana anajua kazi, na alikataa hata hela ya soda mpaka nikamlazimisha. Juzi nimeshuka Marangu kwenye mvua, mkono wa breki umetulia kabisa. Lakini pale siingii tena mpaka yule fundi anirudishie 45,000 yangu na aniombe radhi mbele ya watu, kwa sauti ileile. Pedi zikiisha nitampigia kijana simu aje nyumbani.