Jeki ya haidroliki au ya mkasi? Kunyanyua pikipiki nzito nyumbani

Boxer na TVS za bodaboda zina dabo stendi: unakanyaga, unavuta, tairi la nyuma liko hewani, kazi inaanza. Shida ni pikipiki kubwa. Honda Africa Twin ina zaidi ya kilo 220 ikiwa na mafuta, na kwa kawaida inauzwa bila stendi ya kati, yaani dabo stendi. Harley-Davidson za safari ndefu zinapita kilo 350. Huwezi kuzikalisha juu ya kreti za soda ukaingia chini yake kufanya kazi. Hapo ndipo watu wanapoangukia kwenye aina mbili za jeki: ya haidroliki ya mikono miwili, iliyo na vigurudumu na pedali ya mguu, na ya mkasi inayopandishwa kwa kuzungusha skrubu.

Ya haidroliki mara nyingi imeandikwa kilo 680, ya mkasi kilo 500. Namba hizo zisikusumbue, kwa sababu hakuna pikipiki ya nyumbani itakayozifikia. Pikipiki huanguka kutoka kwenye jeki kwa kukaa vibaya, na kukaa vibaya huanzia kwenye mikono ya jeki na chini ya injini.

Tuanze na ya haidroliki, maana ndiyo inayofaa zaidi. Mikono yake haipandi wima kama lifti. Inapanda kwa upinde, hivyo inasogea kwa sentimita kadhaa kuelekea upande mmoja kadiri inavyoinuka. Jeki isipoweza kujiviringisha kufuata mwendo huo, inaikokota pikipiki au inateleza chini yake. Kwa hiyo breki za vigurudumu vya jeki zifungwe baada ya kupandisha, si kabla. Wengi hufanya kinyume. Pia sakafu iwe ya saruji iliyofagiliwa: kokoto moja mbele ya kigurudumu inatosha kuzuia jeki nzima. Kwenye udongo au changarawe weka plaiwudi ya milimita 18 yenye upana wa kutosha jeki kutembea juu yake.

Mpira uliobandikwa kwenye mikono ni udhaifu wake mkubwa. Ni mwembamba, na ukilowa oili unateleza kama sabuni. Tafuta vipande viwili vya mbao ngumu, mninga au mvule, unene wa sentimita 3, uvivishe tyubu ya zamani na kuikaza kwa misumari ya pembeni. Mabaki ya maseremala wa Keko, Dar es Salaam, yanatosha kabisa. Mbao hizo zina kazi ya pili: zikichongwa mfereji, zinaliruka bomba la moshi linalopita chini ya injini. Jeki isiguse bomba, wala chujio la oili, wala nati ya kumwagia oili. Harley nyingi zina fremu ya mabomba mawili yanayopita chini ya injini, na hapo mikono inakaa vizuri. Kwenye pikipiki zenye sahani ya kinga chini ya injini, angalia kwanza sahani imefungwa wapi. Ikiwa imeshikwa na bolti nne ndogo tu, ivue, utafute fremu au sehemu nene ya injini yenyewe.

Jeki iingie kutoka kulia, kwa kuwa stendi ya pembeni iko kushoto. Tia gia ya kwanza, funga mkono wa breki ya mbele kwa mpira wa tyubu. Pikipiki iliyolalia stendi ya pembeni haikalii mikono yote miwili sawasawa, kwa hiyo mtu wa pili aisimamishe wima huku wewe unapiga pampu. Simama mara tu mikono inapogusa, chungulia pande zote mbili, kisha endelea kwa sentimita 2 au 3 na umwambie mwenzako aitikise kidogo. Ikicheza, shusha upange upya. Ikitulia, funga mikanda miwili ya racheti kutoka kwenye fremu hadi kwenye masikio ya jeki, kila upande mmoja, ndipo umalize kupandisha.

Ukishafika kimo unachotaka, teremsha fimbo ya usalama iingie kwenye meno yake, halafu legeza vali ya kushushia kidogo uzito uikalie fimbo. Oili sili za jeki za bei nafuu huvuja taratibu; jeki iliyobeba pikipiki usiku kucha kwa oili peke yake unaweza kuikuta asubuhi imeshuka. Jeki isiyo na fimbo ya usalama usiinunue hata wakikupunguzia bei.

Kuhusu mizani: kama unatoa tairi la nyuma, weka jeki nyuma kidogo ya katikati ya uzito, ili tairi la mbele libaki chini likibeba sehemu ya mzigo. Ukitoa la mbele, fanya kinyume chake. Hatari iko pale unapoinua matairi yote mawili yakaelea sawasawa, kisha ukachomoa moja. Kilo kumi na kitu zinapotoka upande mmoja, upande wa pili unazama ghafla. Na nati ya ekseli ya nyuma, ambayo kwenye pikipiki nyingi kubwa imekazwa sana, karibu Nm 100 (kipimo cha nguvu ya kukaza), ilegezwe pikipiki ikiwa bado chini. Spana ndefu ikivutwa kwa nguvu juu ya jeki inageuka kuwa mtaimbo wa kuiangusha.

Jeki mpya ikipanda kwa kusitasita, ina hewa ndani. Fungua vali, piga pampu mara kumi hadi kumi na tano, funga, ujaribu tena. Ikihitaji kuongezwa, tia oili ya jeki mikono ikiwa imeshuka kabisa. Mafuta ya breki ya DOT yanaharibu sili zake. Alama: 4 kati ya 5, moja imeondoka kwa sababu ya ile mipira.

Ya mkasi ni nyepesi, inaingia chini ya pikipiki fupi, na haina oili ya kuvuja. Skrubu inashikilia yenyewe. Ila kitako chake ni chembamba, na ikipanda juu inayumba kwenye riveti. Dukani ipandishe hadi mwisho, shika kichwa chake ukitikise kushoto na kulia. Kikicheza zaidi ya unene wa kidole, achana nayo. Paka grisi kwenye nyuzi za skrubu kabla ya matumizi ya kwanza, kwa kuwa zikiwa kavu hulika. Inafaa kulainisha cheni au kukagua beringi za tairi kwenye pikipiki iliyokwisha kushikwa na kitu kingine, mfano dabo stendi. Kuibebesha Harley nzima ni kujitafutia balaa. Alama: 3, na kwa pikipiki za zaidi ya kilo 250, 2.

Stendi ya karakana inayoinua nyuma kwa vibobo (vipande vya mviringo vinavyofungwa kwa bolti) vya swingamu, yaani mkono unaoshika tairi la nyuma, ni nzuri kwa tairi na cheni tu. Kwa kuwa inashika swingamu yenyewe, huwezi kuitumia kuvua shokapu ya nyuma. Hakikisha ukubwa wa bolti za vibobo: Yamaha nyingi ni M6 (kipenyo cha milimita 6), Honda na Suzuki nyingi M8, nyingine M10.

Wakati wa kushusha, fungua stendi ya pembeni kwanza uone kama mkono wa jeki hauizuii kufika mwisho. Toa fimbo ya usalama kwa kupandisha kidogo, fungua vali robo mzunguko tu, na mikanda ibaki imefungwa hadi matairi yote mawili yamegusa chini na mwenzako ameshika usukani.