Pani ya Kukunja, Tambi na Mayai: Niliyoyaona Jikoni

Pani ya kukunja, ile ya pande mbili zilizoshikana kwa bawaba, ina kazi moja inayoiweza kuliko chombo chochote jikoni mwangu: kugeuza. Kukaanga inakaanga, lakini kwa masharti, na masharti hayo muuzaji hakutajii. Mimi niliinunua kwa ajili ya chakula kimoja, frittata ya tambi, yaani tambi zilizokaangwa pamoja na mayai Kiitaliano, kwa hivyo nitaipima kwa chakula hicho kwanza. Mambo ya samaki yako huko chini. Tuko Kisumu, najua wengi wenu mmefuata samaki.

Frittata ya tambi nilijifunzia Malindi. Nilikuwa msaidizi wa jikoni katika hoteli moja ya Waitaliano, na Malindi Waitaliano si wageni. Wamekuwa wakija tangu miaka ya 1960, nchi yao ilipoweka kituo cha kurushia setilaiti pale baharini Ngomeni. Mpishi wetu mkuu alikuwa mtu wa Naples, na Naples ndiko kwao chakula hiki. Tambi za jana, mayai, jibini ya kukuna, chumvi na pilipili manga, basi. Unachanganya, unamwaga kwenye mafuta yaliyopata moto, unakaanga upande wa kwanza hadi vishikane, unageuza, unakaanga upande wa pili, halafu unaacha ipoe. Hapo kwenye kupoa ndipo watu wa nyumbani huniona nimepotea. Kwao Naples hukatwa vipande ikabebwa ufukweni, au kwenye matembezi ya Jumatatu ya Pasaka, ikaliwa baridi kwa mkono. Wenzangu wa Pwani nao walicheka sana mwanzoni, maana tambi wanazozijua wao ni za sukari, nazi na iliki, na zabibu kavu juu. Kuzitia mayai na pilipili manga waliona ni sawa na kutia vitunguu kwenye chai. Lakini ile sahani ya kuonja haikuwahi kurudi na kitu.

Shida ya chakula hiki ni pale katikati, kwenye kugeuza. Fanya hesabu: gramu 200 za tambi kavu, yaani nusu ya pakiti ya gramu 400, zikichemka zinakuwa zaidi ya gramu 400. Tia mayai matano, tia jibini, na una karibu gramu 800 za kitu laini ambacho chini kimeiva na juu bado kinatiririka. Huwezi kukirusha hewani kama wanavyofanya wapishi wa televisheni. Huwezi kukiinua kwa mwiko, kitapasuka vipande viwili. Ndiyo maana nilipoiona pani inayojigeuza nikasimama.

Nilikuwa Kibuye, soko letu kubwa hapa Kisumu, siku ya Jumapili, na wanaoijua Kibuye ya Jumapili wanajua kwamba ukisimama umeuziwa. Kijana alikuwa na meko yake pale chini, anakaanga yai moja bila tone la mafuta, yai linateleza huku na huku.

"Mama, shika mwenyewe usikie uzito. Hii haishiki kitu, hata ugali."

"Na bei ya mwisho ni ngapi, kijana wangu?"

"Elfu mbili na mia tatu. Lakini kwa sababu ni wewe, mama, leta elfu mbili."

Niliondoka nayo kwa shilingi 1,700, na bado nahisi alinipata. Jina lililoandikwa kwenye boksi silitaji, kwa sababu pani hizi zinafanana kama mapacha na boksi linabadilika tu. Ila neno moja kuhusu lile yai: pani mpya yoyote ya aina hii itatelezesha yai moja. Mtihani ni tambi, ambazo wanga wake hung'ang'ania chochote, na kwa wiki za mwanzo hapo nasema ukweli, hazikushika. Zilitoka safi, na kijiko kimoja cha mafuta kilitosha pale ambapo kwenye pani yangu ya kawaida ningetia vitatu.

Sasa chombo chenyewe. Ni aluminiamu ya kumiminwa, yenye umbo la mstatili, ndani imepakwa ile ngozi nyeusi yenye vidoadoa vyeupe ili uidhanie jiwe. Mikono miwili ya plastiki ngumu ina sumaku ndani, na ukiifunga inagongana tak! na kushikana. Upande mmoja una raba nyekundu imezunguka ukingo wote, imekalishwa kwenye mfereji wake, ndiyo inayozuia mafuta yasimwagike unapogeuza. Nyuma, kwenye bawaba, raba haifiki kona kwa kona. Imeacha pengo la upana wa kucha ya kidole kidogo kila upande. Kumbuka pengo hilo.

Jambo la kwanza utakalokutana nalo ni umbo. Wengi wetu tunapikia meko ya mtungi wa gesi wa kilo 6, na moto wa meko ni duara dogo lililo katikati. Ukiweka pani ya mstatili juu ya moto wa duara, katikati panaungua huku kona nne zikikuangalia. Frittata ya kwanza ilikuwa na doa la hudhurungi katikati na pembe za njano mbichi. Dawa yake ni moto mdogo na kuisogeza pani mara kwa mara: dakika mbili upande wa kushoto, mbili wa kulia, na kuzungusha. Inafanyika, lakini inakufunga hapo jikoni. Na kwa kuwa mikono ni mirefu na mizito, ukiiacha wazi upande wa juu unaning'inia kwa nyuma na chombo chote kinataka kupinduka kutoka kwenye vile vyuma vitatu vya meko. Lazima mkono mmoja uwe pale. Kwenye jiko la gesi la kusimama, lenye vyuma vipana, tatizo hilo halipo. Kwenye jiko la makaa joto linaenea vizuri zaidi, ila angalia ile mikono ya plastiki isipite juu ya makaa, itanuka nyumba nzima.

La pili ni kubwa zaidi, na ndilo lililonifanya niandike. Pani hii inakualika uifunge. Muuzaji anaifunga, picha ya boksi imefungwa, kwa hivyo na wewe utaifunga. Ukiifunga tangu mwanzo, mayai yanaiva haraka, kweli, lakini yanaiva kwa mvuke. Mvuke hauna pa kwenda, unagonga upande wa juu, unakuwa maji, unarudi kwenye chakula. Kitu cha kukaanga hakipati rangi ya kahawia na ule ukavu wa juu hadi maji yaishe pale kinapogusa chuma na joto lipite nyuzi 140 hivi, na mvuke wa jikoni hauzidi 100. Matokeo yake ni tambi zilizoshikana vizuri, umbo zuri la kupiga picha, ngozi laini isiyo na mlio wowote ukiikata. Mtu wa Naples angeitazama akanyamaza. Utamu wa chakula hiki uko pale ukingoni, kwenye zile nyuzi za tambi zilizochomoza nje ya yai zikakaangika peke yake hadi zikawa ngumu na kuvunjika mdomoni. Watoto wangu hugombania kipande cha pembeni. Ukiipika kwa mvuke hakuna kipande cha pembeni cha kugombania.

Kwa hivyo ifungue. Kaanga upande wa kwanza ikiwa wazi, moto mdogo, dakika kama nane, hadi ukitikisa uone chakula chote kinasogea pamoja na juu kumebaki unyevu tu. Hapo ndipo unapopaka mafuta upande wa juu na kuupasha moto pia, maana ule upande ni wa baridi na tambi zikiangukia chuma baridi zinanyonya mafuta badala ya kukaangika. Funga. Geuza kwa mara moja, bila woga. Subiri nusu dakika, kisha fungua tena uendelee. Ukifanya hivyo ganda linakuja, na kugeuza kwenyewe ni raha tupu.

Ila kuna lile pengo la bawaba. Ukigeuza mapema, yai bichi linatoka pale nyuma na kumwagikia kwenye moto. Kusafisha yai lililoungulia kwenye meko ni kazi ya waya, na waya huo huo usiusogeze kwenye pani. Mwiko wa mbao, sifongo laini, basi. Na usiiache tupu juu ya moto mkali ukaenda kuongea na jirani. Ile ngozi, kama ni ya PTFE, ile plastiki isiyoshika chakula, kama zilivyo nyingi, huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260 hivi, na pani nyepesi isiyo na kitu ndani inafika huko upesi kuliko unavyodhani.

Sasa niseme jambo ambalo wauza pani hawatalipenda. Kifuniko cha sufuria yetu ya kawaida ni bapa. Hakina kitasa juu, hakina mbonyeo, ni bamba la aluminiamu lenye ukingo mdogo, na kila nyumba Kisumu ina vitatu. Chukua pani ya duara ya sentimita 24, yenye kingo za kusimama kidogo, funika kwa kifuniko kikubwa kuliko pani, bana kwa kiganja kilichoshika kitambaa kikavu, pindua, kisha sukuma chakula kirudi kwenye pani kwa upande wa pili. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya Malindi kwa sahani pana, na kifuniko ni bora kuliko sahani kwa sababu hakivunjiki wala hakina shimo la kati. Pani ya duara inakaa sawa kwenye moto wa duara, ganda linakuja lenyewe, na gharama ya kifuniko ni bure. Pani ya kukunja inakuuzia, kwa shilingi 1,700, sekunde mbili za kazi.

Hizo sekunde mbili lakini si za kudharau kwa kila mtu. Mama yangu ana maumivu ya viganja na hawezi kabisa kubana kifuniko na kupindua chombo cha moto. Alipoijaribu ya kukunja alifanikiwa na akaomba niiache kwake. Mwanangu wa darasa la nane naye huipika peke yake, na mimi nikiwa sebuleni moyo umetulia, kwa kuwa anapogeuza pani imefungwa na mafuta ya moto hayamrukii mkononi. Kama jikoni kwako kuna mmoja wa hao, nunua.

Kuhusu viungo, pani nzuri haiokoi tambi mbaya. Soma pakiti: zile zilizotengenezwa kwa ngano ya durum, yaani ngano ngumu, hubaki na mwili hata zikilala kwenye friji, zile za ngano laini zinageuka uji ukizikoroga na yai. Toa kwenye maji zikiwa bado ngumu kidogo katikati. Mayai ya kienyeji yakiwepo, rangi inapendeza, ila ya gredi, ya kuku wa kisasa, yanafanya kazi ile ile na bei inaeleweka. Jibini ni ghali, sikatai. Kipande cha chedar cha ukubwa wa kiberiti, ukikikuna vizuri, kinatosha mayai matano. Mimi huongeza hoho na dania, dhambi ambayo bosi wangu wa zamani hangenisamehe. Mume wangu alipendekeza omena, dagaa wetu wa ziwani. Nilitia mara moja, zikiwa zimekaangwa kavu kwanza, na sitasema zaidi kwa sababu sasa anataka kila wiki.

Na tambi za jana ziwe za friji, tafadhali. Kwa joto la Kisumu, tambi zilizolala kwenye sufuria mezani zisipikwe tena kwa kisingizio kwamba moto utaua kila kitu. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye anaacha sumu isiyovunjwa na kupashwa moto. Mwaka wa 2008 mwanafunzi mmoja nchini Ubelgiji alifariki baada ya kula tambi zilizokuwa zimekaa siku tano nje ya friji.

Samaki sasa. Hapa pani ya kukunja inajitetea. Ngege, yaani tilapia, wa ukubwa wa sahani anaingia mzima akikatwa mkia, mafuta hayarukii ukuta, na ngozi haibaki kwenye chuma unapomgeuza. Tatizo la mvuke ni lile lile, kwa hivyo mkaushe kwa kitambaa kwanza na ufungue dakika za mwisho. Harufu ya samaki inaingia kwenye ile raba na haitoki kirahisi. Frittata yangu iliyofuata ilinukia ufuo wa wavuvi wa Dunga. Raba inavulika kwa kuvutwa polepole kuanzia kona. Ioshe kando kwa maji ya ndimu, na kama pani ni ya nyumba moja kwa vyakula vyote, ifanye kila mara. Chapati usijaribu, kingo zinazuia mkono.

Ukienda kununua, usiangalie yai la muuzaji. Ifungue uivute raba uone kama inarudi kwenye mfereji wake bila kulegea. Ifunge, iinue kwa mkono mmoja wa juu tu, uone kama sumaku inaubeba ule wa chini. Yangu inabeba, ya jirani yangu yenye bei ya chini haibebi. Mimina maji nusu kikombe ndani, geuza, hesabu matone nyuma. Muulize kama anauza raba peke yake, maana hiyo ndiyo itakayokufa kwanza. Wa kwangu alisema atakuwa nazo Jumapili ijayo, na kila Jumapili ninapopita jibu ni hilo.