Koilova za Impreza WRX: ipi ununue kwa barabara zetu

Kabla hujatoa hela ya koilova (shokapu na springi zinazokuwezesha kupandisha au kushusha gari), ingia chini ya gari na tochi. Kagua bushi (mipira) za mikono ya chini, boljointi, stabilaiza linki, na ule mpira wa juu unaoishika shokapu kwenye bodi. Impreza WRX nyingi zinazopita mitaani Dar es Salaam ni zile za kati ya mwaka 2000 na 2007, zenye chasisi ya GDA na ndugu yake GDB, yaani STI, toleo lenye nguvu zaidi, kwa hiyo hata ile changa kabisa imeshafika karibu miaka 20. Gari la umri huo likipepesuka kwenye kona, mara nyingi springi haina kosa, mpira ndio umekufa. Funga koilova ya bei yoyote juu ya bushi zilizokwisha, utapata gari gumu ambalo bado linapepesuka. Anza na bushi. Halafu tuzungumze.

WRX ina muundo wa makfesoni mbele na nyuma, yaani shokapu imesimama wima na springi imeivaa. Koilova nayo iko hivyohivyo, ila bomba lake lina nyuzi kama za skrubu, na kwa kuzungusha ringi unapandisha au kushusha gari. Nyingi zina kitufe cha kuongeza au kupunguza ugumu wa shokapu. Wauzaji hupenda kukuhesabia kliki (hatua) za kitufe hicho: hii 16, ile 30. Mimi nakuomba hesabu ya kliki uiweke mwisho kabisa. Cha kwanza ni nafasi inayobaki kwa shokapu kubonyea kabla haijagonga mwisho wake, kwa sababu kutoka Dar hadi Iringa utapanda matuta yasiyohesabika, na ndani ya hifadhi ya Mikumi yamepangwa kwa makusudi kulinda wanyama. Shokapu iliyoishiwa nafasi hupiga chuma kwa chuma kila tuta. Haitamaliza mwaka.

Koilova hushusha gari kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuteremsha ringi inayokalia springi. Hapo gari linashuka, lakini linakula ile nafasi ya kubonyea. Ya pili ni kuzungusha kiatu cha chini, pale shokapu inapofungwa kwenye nako ya tairi (chuma kinachobeba habu). Hapo shokapu nzima inafupika au kurefuka, na nafasi ya kubonyea inabaki kama ilivyotoka kiwandani. Kwa barabara zetu natafuta hiyo ya pili, na nikiikosa nataka niwe na sababu.

Kuhusu urefu wenyewe, milimita 20 hadi 30 chini ya kimo cha kiwandani inatosha. Najua wengi wanataka tairi liingie ndani ya fenda. Tatizo ni kwamba kwenye makfesoni, ukishusha mno, mkono wa chini unainuka upande wa tairi, na kitovu ambacho bodi hulalia kwenye kona kinazama chini kuliko gari lenyewe lilivyoshuka. Matokeo yake gari lililoshushwa sana hulala kwenye kona zaidi, labda ulifunge springi ngumu kama jiwe. Egesha gari pakavu na tambarare, chungulia: mkono wa chini ukiwa sambamba na ardhi, umefika mwisho wa kushusha. Na usisahau sampo (bakuli la oili chini ya injini) na ekzosi, maana navyo vinashuka.

Kwa mtu anayeendesha WRX kila siku mjini na kusafiri mikoani mara chache kwa mwaka, namba moja yangu ni Tein Flex Z, ya Japani. Ina kliki 16, urefu wake unarekebishwa kwa kiatu cha chini, na inakuja na vikombe vya juu pamoja na mipira ya kuzuia vumbi. Kinachonifanya niiweke juu ni muundo wa bomba mbili, moja ndani ya lingine. Jiwe likiruka kwenye barabara ya vumbi na kubonyeza bomba la nje, pistoni iko salama ndani ya bomba lake. Kwenye shokapu ya bomba moja, pistoni inateleza moja kwa moja kwenye ukuta wa nje, na kibonyeo kimoja kinatosha kuiua. Flex Z imefungwa kabisa kiwandani, haifunguliwi kutengenezwa. Wengine huona huo ni udhaifu, mimi naona ni nafuu: shokapu moja ikifa unaagiza hiyo moja tu, na huhitaji kumtafuta fundi mwenye mashine ya kujaza gesi kwenye shokapu ambaye hapa mjini ni wa kutafuta kwa tochi. Bei yake Marekani ni takribani dola 1,000 kwa seti, kabla ya usafiri na ushuru wa bandarini. Ukipenda raha zaidi, Tein wana kifaa kiitwacho EDFC kinachobadilisha ugumu ukiwa umekaa kwenye usukani.

Namba mbili ni KW Variant 3, ya Ujerumani, na hapa ndipo ninapovunja kanuni yangu mwenyewe, maana urefu wake hurekebishwa kwa ringi ya springi. Naisamehe kwa sababu wao hutaja kiwango ambacho gari linaruhusiwa kushuka, na shokapu imetengenezwa kwa kiwango hicho. Baki ndani yake. Uzuri wake ni mambo mawili. Bomba ni la chuma kisichoshika kutu, na mtu anayelaza gari Kigamboni, Mbezi Beach au Mombasa anajua chumvi ya bahari inavyogandisha ringi mpaka spana inakatika. La pili, kubonyea na kutanuka vinarekebishwa kila kimoja peke yake. Kwenye matuta unataka shokapu ibonyee bila kupinga sana, halafu itanuke taratibu gari lisirushwe juu. Kwenye koilova yenye kitufe kimoja, ukiongeza hiki unaongeza na kile. Bei inavuka dola 2,000 kwa urahisi. Ingekuwa nusu yake ningeiweka ya kwanza bila kufikiri.

Ya tatu ni BC Racing BR kutoka Taiwan. Kliki 30, kitufe kimoja, kiatu cha chini kinachorekebishika, na sahani za juu mbele za kulaza tairi kwa ndani au nje. Inafunguliwa na kutengenezwa, na wakati wa kuagiza unaweza kuchagua ugumu wa springi. Tumia nafasi hiyo! Kwa matumizi ya barabarani nisingependa springi ya mbele izidi kilo 6 kwa milimita (uzito wa kuibonyeza milimita moja). Imeshuka hadi nafasi ya tatu kwa sababu mbili: ni ya bomba moja, na zile sahani za juu zina beringi ya chuma badala ya mpira. Vumbi la Dodoma likiingia humo, baada ya muda utasikia ko-ko-ko kila ukikata usukani. Kwa anayeendesha lami tupu na kupenda kuchezea mipangilio, inaweza kupanda mpaka juu.

Öhlins Road & Track, ya Sweden, ndiyo yenye shokapu bora kuliko zote hapa. Kampuni iko kwenye kazi hii tangu 1976, na valvu yao ya DFV hufunguka upesi tairi linapogonga kitu ghafla, ndiyo maana gari linakuwa thabiti bila kukuvunja mgongo. Nimeiweka ya nne kwa sababu ya gharama, na kwa sababu inataka kufanyiwa huduma kwa wakati, kwa vifaa maalumu na gesi ya naitrojeni. Kama una njia ya kuituma nje na kuirudisha, basi unajua unachofanya.

Bilstein B14 haina kitufe cha ugumu hata kidogo, na kwa watu wengi hilo ni jambo jema. Ukipata inayolingana na chasisi yako, chukua.

Zilizotumika kutoka Japani, zile za kupangwa chini pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mimi siziamini tena. Niliwahi kununua seti iliyong'aa kwa nje. Kule zinapita kwenye chumvi ya kuyeyusha theluji, na ringi zote nne zilikuwa zimeganda. Mbili hazikufunguka mpaka tulipozikata. Zisizo na jina zinazouzwa mpya kwa bei ya tairi mbili, ziache.

Unapoagiza, toa namba kamili ya chasisi. Koilova za WRX na za STI si moja, na STI ya kuanzia 2005 ilibadilishiwa habu, kwa hiyo usikubali kuambiwa "Subaru zote sawa".

Siku ya kufunga, simama na fundi. Nati za bushi za mikono ya chini zikazwe gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Zikikazwa likiwa linaning'inia kwenye jeki, bushi zinabaki zimejisokota na zinapasuka mapema. Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, uandike. Anza na ugumu wa katikati, endesha wiki mbili springi zikae, ndipo uende kufanya alaimenti (kunyoosha tairi). Ukifanya siku ileile utalipa mara mbili. Paka grisi kwenye nyuzi kabla chumvi haijazifikia, na kila ukiosha gari kwa chini, zungushia ringi maji safi.

Ukifikisha kilomita 1,000, rudi na spana ukaze nati za juu tena.