Racine carrée ya Stromae: tega sikio kwanza, kamusi baadaye

Asiyejua Kifaransa anaweza kuicheza albamu hii mwanzo hadi mwisho bila kugundua kwamba amecheza wimbo wa saratani, wimbo wa baba asiyeonekana na wimbo wa mtu aliyekosa usingizi. Stromae, mwanamuziki wa Ubelgiji aimbaye kwa Kifaransa, alikusudia iwe hivyo. Midundo inakuvuta ukumbini, na ukishaingia ndipo maneno yanapokukamata. Ilitoka Agosti 2013, ina nyimbo 13, nyingi zikiwa za dakika tatu hadi nne, na ndiyo iliyoongoza kwa mauzo Ufaransa mwaka ule. Zaidi ya miaka kumi baadaye bado inafaa kununuliwa nzima, si nyimbo mbili tatu za redioni tu.

Anza na jina. Racine carrée ni kile tunachokiita kipeuo cha pili katika hesabu, na jaladani alama yake imetumika. Lakini kwa Kifaransa racine ni mzizi pia, maana inayopotea kabisa katika istilahi yetu. Stromae, jina lake halisi Paul Van Haver, alizaliwa Brussels mwaka 1985, mama Mbelgiji, baba Mnyarwanda. Baba huyo aliuawa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Jina la jukwaani nalo limetokana na mtindo wa Kifaransa wa kupindua silabi: maestro imegeuzwa ikawa Stromae. Ukishalijua hilo, umeshapata ufunguo wa albamu yote, kwa sababu karibu kila wimbo mzito humu umejengwa juu ya sauti moja inayobeba maana mbili.

Ndiyo maana tafsiri za mashine huchemsha. Papaoutai, ule wimbo wa baba asiyeonekana, si neno. Ukiliingiza kwenye programu ya tafsiri utarudishiwa lilelile. Likate: papa, où t'es? Baba, uko wapi? Limeunganishwa jinsi mtoto anavyolitamka kwa pupa. Formidable ni mtu wa ajabu, wa kusifiwa, lakini ukiitamka polepole kama Stromae anavyofanya, inageuka fort minable, yaani hovyo kabisa. Kiitikio kinamsifu mwanamke aliyeondoka na kumdhalilisha anayeimba kwa herufi karibu zilezile. Quand c'est? ni “ni lini?”, ila sikio linasikia cancer, saratani, na mwimbaji anauuliza ugonjwa wenyewe zamu ijayo ni ya nani. Hata Ta fête, wimbo wa kwanza, una mtego. Ni sherehe yako, lakini kwa Mfaransa kukufanyia sherehe ni pia kukushushia kipigo. Ubelgiji waliuchukua kuwa wimbo wa timu yao ya taifa Kombe la Dunia 2014, na mpirani maana zote mbili zinafaa.

Njia nzuri ya kusikiliza basi ni hii. Mara ya kwanza usisome chochote, cheza tu. Mara ya pili fungua maneno ya Kifaransa, si tafsiri, uyafuate kwa sauti huku ukiyatamka. Tafsiri ije ya tatu. Ukianza na tafsiri utapata hadithi bila mchezo wa maneno, nao ndio nusu ya kazi. Msikilizaji wa Goma, Bujumbura au Lubumbashi aliyesomeshwa kwa Kifaransa ataruka hatua mbili, na atafaidi zaidi.

Papaoutai ndio wimbo bora wa albamu. Unakwenda mapigo 116 hivi kwa dakika, kasi ya kutembea kwa haraka, na gitaa lake linadondosha noti za juu ambazo sikio lililozoea rumba ya Kongo litazipokea bila utambulisho. Beti zinauliza maswali ya mtoto, na katikati linakuja wazo kwamba kutengeneza mtoto kila mtu anajua, kutengeneza baba hakuna ajuaye. Tazama na video, kwa kuwa inaongeza jambo ambalo sauti peke yake haina: baba ni sanamu la dukani, mtoto anahangaika kulitikisa, na mwisho yeye mwenyewe anakauka vilevile. Video ya Formidable nayo ilipigwa kwa kamera za kujificha kwenye kituo cha tramu cha Louise, Brussels, Mei 2013, Stromae akiigiza mlevi kati ya watu waendao kazini. Polisi waliomsogelea kumuuliza hali yake ni polisi kweli.

Mengine yako vizuri bila kufikia hapo. Ave cesaria ni heshima kwa Cesária Évora, mwimbaji wa Cape Verde, aliyefariki 2011. Ni wimbo wa furaha kweli, na mahali pake katikati ya mazito ni pa hekima. Tous les mêmes anauimba kwa kinywa cha mwanamke aliyechoshwa. Carmen imechukua muziki wa opera ya 1875 ya mtunzi Mfaransa Bizet ikaufunga kwenye ndege aliyekuwa nembo ya mtandao wa Twitter. Wazo ni kali, penzi la saa 48, lakini ndege huyo aliondolewa 2023, na kijana anayeusikia leo itabidi aelezwe. Humo ndimo albamu ilipozeeka.

Udhaifu mwingine uko mwishoni. Baada ya Quand c'est? na Sommeil, Merci inakuja karibu bila maneno, ala zikizunguka palepale, na msisimko unashuka. AVF inayofunga ina wageni wawili, Orelsan na Maître Gims, mzaliwa wa Kinshasa. Wanarap kwa nguvu, ila wimbo unasikika kama wa albamu nyingine. Kuna wasikilizaji watakaoridhika kuishia Sommeil, na hawatakuwa wamekosea.

Wazazi wajue haya: Bâtard (mwanaharamu) ina matusi tangu jina lake, AVF ni ufupisho wa tusi, na Moules frites, inayojifanya kuhusu chakula cha Kibelgiji cha kome na chipsi, kwa hakika inazungumzia ngono bila kinga na magonjwa yake. Mtoto asiyejua Kifaransa hatadhurika. Anayejifunza Kifaransa kupitia nyimbo apewe Papaoutai na Ave cesaria kwanza.

Usiipime albamu hii kwa spika ya simu. Spika ndogo haitoi besi, na hapa besi na ngoma ya mguu ndizo zinazobeba wimbo. Zikikatika unabaki na sauti ya mtu na vikorombwezo vya kinanda cha umeme, uione nyepesi. Hedifoni za bei ya kawaida zinatosha. Ukiwa na spika kubwa, usipandishe besi kwenye mipangilio: tayari imewekwa mbele, na ukiiongeza inafunika konsonanti, hapo fort minable huisikii tena.

Ziara ya albamu hii iliishia Kigali, Oktoba 2015, katika nchi ya baba yake.